Pasi ya Nyumbani: Jinsi ya Kuisafisha, Kuitunza na Kuepuka Moto

Stima hupotea bila kubisha hodi. Mara nyingi hupotea jioni, wakati sare za shule zinapigwa pasi kwa ajili ya kesho. Mtu akiwa katikati ya kola ya shati, taa zinazima. Anaiacha pasi palepale ilipo, juu ya blanketi lililokunjwa mezani au juu ya godoro, na kwenda kutafuta tochi. Anasubiri nusu saa, stima hairudi, anaamua kulala au kutoka kwenda kwa jirani. Swichi ya ukutani bado imewashwa. Stima inaporudi usiku wa manane, pasi inaanza kupata moto tena, na hakuna aliye macho kuiona.

Hali hiyo hiyo hutokea tokeni zinapoisha. Baba akiwa kazini ananunua tokeni kwa simu, mtoto anaziingiza kwenye mita, na hakuna anayekumbuka kwamba asubuhi pasi iliachwa kitandani ikiwa imechomekwa.

Pasi ni chombo kidogo, na nyumba nyingi zinayo moja. Lakini ni miongoni mwa vyombo vyenye joto kali zaidi katika nyumba, na hushikwa na watu wengi, wakiwemo wanafunzi wanaojinyooshea sare zao wenyewe. Pasi chafu huharibu nguo. Pasi mbovu huharibu nyumba. Makala haya yanaeleza jinsi mkaazi anavyoweza kuisafisha pasi yake kwa vitu vilivyomo nyumbani, kuitunza idumu, na kutambua dalili kwamba haifai tena kutumika.

KANUNI YA KWANZA: CHOMOA

Kabla ya maelezo mengine yote, kila aliye nyumbani, mkubwa kwa mdogo, aizoee kanuni hii: mkono ukiiacha pasi, plagi inatoka ukutani. Iwe ni kwenda kumfungulia mgeni mlango, kupokea simu, kuangalia sufuria jikoni, au stima imepotea, chomoa kwanza. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa sababu ni rahisi mtu mwingine kuiwasha akitaka kuchaji simu.

Ukichomoa, shika kichwa cha plagi chenyewe, usivute waya. Kisha isimamishe pasi kwa kisigino chake mahali pagumu pasipoyumba, mbali na ukingo wa meza na mbali na pazia. Waya usining'inie mezani, kwani mtoto anayetambaa huuona kama kamba ya kuvuta.

KWA NINI PASI HUCHAFUKA

Uchafu wa uso wa chini wa pasi huwa wa namna nne. Wa kwanza ni mabaki ya sabuni. Nguo isiposuuzwa vizuri, sabuni iliyobaki huungua chini ya pasi na kuacha utando wa rangi ya kahawia. Wa pili ni wanga unaotiwa kwenye kanzu, mashati na sare ili zikakamae. Wa tatu ni nailoni na poliesta iliyoyeyuka, pamoja na michoro ya plastiki iliyobandikwa kwenye fulana. Wa nne ni chumvi na chokaa ya maji, hasa kwa pasi za mvuke.

Uchafu huu huifanya pasi ikwame badala ya kuteleza. Mtumiaji naye huongeza moto akidhani pasi haijapata joto, kumbe tatizo ni uso wake. Moto ukizidi, uchafu huungua zaidi na hatimaye hubanduka juu ya shati jeupe la shule. Basi pasi safi hulinda nguo na pia huokoa stima.

KUSAFISHA PASI KAVU, HATUA KWA HATUA

1. Zima, chomoa na uache pasi ipoe kabisa. Isipungue nusu saa. Dondosha tone moja la maji juu ya uso wake. Likichemka au kutoa mvuke, bado haijapoa.

2. Chukua kitambaa laini cha pamba, kiloweshe kwa maji yenye matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, ukikamue hadi kisidondoke, kisha ufute uso wote pamoja na kingo. Pasi haitumbukizwi majini wala haimwagiwi maji ya bomba, hata ikiwa imepoa.

3. Ikiwa bado kuna madoa, changanya vijiko viwili vya soda ya kuokea na kijiko kimoja cha maji hadi upate uji mzito. Hii ni ile poda nyeupe inayouzwa dukani kwa ajili ya kuokea keki, si magadi ya mawe ya kupikia maharagwe. Paka juu ya madoa tu, acha kwa dakika chache, kisha sugua polepole kwa kitambaa laini. Usiuache uji huo uingie kwenye matundu ya mvuke.

4. Futa kwa kitambaa kingine kilicholoweshwa maji safi, mara mbili au tatu, hadi weupe wote wa soda uishe. Matundu yaliyoziba yafunguliwe kwa kijiti cha meno cha mti, si kwa sindano wala msumari.

5. Kausha kwa kitambaa kikavu na uiache pasi hadi iwe kavu kabisa kabla ya kuichomeka tena.

6. Ukiiwasha, ipitishe kwanza juu ya kitambaa kikuukuu cha pamba. Kama kuna kilichobaki, kitabaki hapo badala ya kwenye sare.

Kwa nyumba inayopiga nguo pasi mara kwa mara, kufuta kwa sabuni kila wiki kunatosha. Soda ya kuokea itumike pale tu madoa yanapokataa kutoka.

Pasi zenye uso wa rangi nyeusi au kijivu uliopakwa ili nguo zisishike, kama ule wa kikaango kisichoshika chakula, zinahitaji uangalifu zaidi. Hizo zioshwe kwa kitambaa laini na sabuni pekee. Rangi hiyo ikishakwaruzwa hairudi, na mikwaruzo ndiyo inayoshika uchafu mpya kwa haraka.

NAILONI IKIYEYUKA

Kitambaa cha nailoni kikigandamana na pasi, wengi hukimbilia kisu. Kisu huondoa nailoni na kuacha mifereji. Njia iliyo bora ni hii: fungua madirisha, washa pasi kwa moto wa chini kabisa kwa muda mfupi hadi nailoni ianze kulainika, kisha zima na uchomoe. Isukume nailoni kwa ukingo wa mwiko wa mti huku mkono mwingine ukiishika pasi kwa mpini. Malizia kwa kuipitisha pasi ikiwa na uvuguvugu juu ya kitambaa cha pamba ulichokikunja mara kadhaa. Kazi hii ni ya mtu mzima. Mtoto asiachiwe.

YASIYOFAA KUTUMIWA

Zipo njia zinazopendwa mitaani ambazo huleta hasara kuliko faida.

Waya wa kusugulia sufuria na msasa hukwaruza uso wa pasi ya stima. Visitumike, hata kama doa ni sugu.

Mshumaa hutelezesha pasi kwa siku moja. Siku ya pili nta huingia kwenye kitambaa na kuacha doa la mafuta, na katika pasi ya mvuke huziba matundu.

Kidonge cha kutuliza maumivu kinachosuguliwa kwenye pasi ya moto huleta vidole karibu sana na chuma kinachoungua, na dawa yenyewe hutoa moshi unaovutwa puani. Dawa ziachiwe wagonjwa.

Mafuta ya taa na petroli havifai kabisa kukaribia pasi, iwe ya moto au baridi. Mvuke wake hushika moto.

PASI YA MVUKE NA MAJI YA CHUMVI

Yeyote aliyechemsha maji ya kisima kwa miezi kadhaa katika birika moja ameona ule ukoko mweupe unaojenga ndani yake. Ukoko huo huo hujenga ndani ya pasi ya mvuke, mahali usipoonekana. Ardhi ya mwambao imelala juu ya mawe ya matumbawe, na maji yanayopita katika mawe hayo hubeba chokaa. Karibu na bahari, maji ya visima vingi huwa na chumvi pia. Maji yakigeuka mvuke, chokaa na chumvi haviondoki navyo. Hubaki ndani, huziba matundu, na siku moja hutoka kwa ghafla kama vipande vyeupe au maji ya rangi ya kutu juu ya nguo.

Kuchemsha maji, kuyaacha yatulie na kuyachuja kwa kitambaa safi hupunguza chokaa, kwa kuwa sehemu yake hugandamana na sufuria. Lakini kuchemsha hakuondoi chumvi. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye mabati hubeba vumbi na kinyesi cha ndege, hivyo nayo si chaguo zuri. Kijitabu kilichokuja na pasi hueleza ni maji gani mtengenezaji anayakubali. Pale ambapo maji ya nyumbani ni ya chumvi, iliyo rahisi ni kuitumia pasi bila kuitia maji: nyunyizia nguo yenyewe maji kidogo kwa mkono au kwa chupa ya kupulizia, au tandika kitambaa chenye unyevu juu ya nguo na upitishe pasi juu yake. Mikunjo hunyooka vilevile na pasi hudumu.

Kwa anayetumia mvuke, mambo matatu yazingatiwe.

Kwanza, chomoa kabla ya kujaza maji. Kamwe usiipeleke pasi bombani ikiwa imeunganishwa na stima.

Pili, mwaga maji yaliyobaki kila baada ya kazi, pasi ikiwa imechomolewa na bado ina joto kidogo. Joto hilo litaukausha unyevu uliosalia ndani. Maji yanayolala ndani ya pasi kwa wiki nzima ndiyo yanayoleta kutu.

Tatu, pasi nyingi za mvuke zina kitufe cha kujisafisha. Kitumike mara moja kila mwezi, au zaidi kama maji ni magumu. Jaza maji, weka moto wa juu kabisa, subiri taa ya pasi izime, kisha chomoa. Ishike pasi kwa ulalo juu ya sinki au karai, bonyeza kitufe na kuitikisa polepole mbele na nyuma. Maji yanayochemka na mvuke vitatoka pamoja na chokaa, kwa hivyo mikono na uso vikae mbali. Rudia ikiwa maji bado ni machafu.

Siki huyeyusha chokaa, lakini watengenezaji wengi hawaruhusu itiwe ndani ya pasi kwa sababu inaweza kuharibu mpira na chuma cha ndani. Asiye na kijitabu cha pasi yake asiitie siki ndani. Anaweza kulowesha kitambaa kwa siki na kufutia uso wa nje, pasi ikiwa baridi, kisha afute tena kwa maji safi.

WAYA, PLAGI NA SOKETI

Uchafu wa pasi huonekana. Hatari ya waya hujificha. Kabla ya kuichomeka, pitisha macho kwenye waya wote kutoka kwenye mpini hadi kwenye plagi. Mahali pa kuangalia zaidi ni pale waya unapoingia kwenye pasi, kwa sababu hapo hukunjwa kila mara mkono unapokwenda na kurudi. Dalili zifuatazo zikionekana, pasi isiwashwe hadi itengenezwe:

- waya umepasuka au nyaya za ndani zinaonekana;
- plagi imepata moto, imebadilika rangi au inanuka plastiki iliyoungua;
- pasi huwaka na kuzima waya unapotikiswa;
- anayeishika huhisi ganzi au kupigwa na stima, hata kidogo;
- taa ya pasi haizimi kamwe hata baada ya dakika nyingi.

Waya uliopasuka haufungwi kwa selotepu wala kwa mpira wa baiskeli. Hubadilishwa wote.

Soketi za Kenya ni za pini tatu, na stima ya nyumbani ni ya volti 240. Pini ndefu ya juu haikuwekwa kwa urembo. Ndiyo inayounganisha chuma cha pasi na ardhi kupitia waya wa rangi ya kijani na manjano. Waya wa ndani ukikatika na kugusa chuma, stima hupita kwenye njia hiyo hadi ardhini, na fyuzi hukatika badala ya mtu kupigwa. Pasi ya chuma iliyoondolewa pini hiyo, au inayotumia plagi ya pini mbili iliyolazimishwa kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu, imepoteza kinga hiyo. Hatari zaidi ni desturi ya kuchomeka nyaya tupu kwenye soketi na kuzikaza kwa vijiti vya kiberiti. Plagi mpya ni bei ndogo mno ukilinganisha na hasara inayoweza kutokea.

Fyuzi iliyomo ndani ya plagi nayo isibadilishwe kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara inayong'aa. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, inatoa taarifa kwamba kuna kasoro. Kuiziba ni kuizima sauti ya anayekuonya.

Pasi nyingi za nyumbani hutumia kati ya wati 1,000 na 2,400. Huo ni mzigo mkubwa. Pasi ya wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 8. Ekstensheni nyembamba ambayo tayari imebeba televisheni, friji na chaja za simu haiwezi kuubeba mzigo huo bila kupata moto. Pasi ichomekwe moja kwa moja ukutani. Ikibidi kutumia ekstensheni, iwe nene, ikunjuliwe yote, na isiwe na chombo kingine.

MOTO UNAOFAA KILA NGUO

Doti zilizochapishwa kwenye lebo ya nguo hulingana na zile za kwenye pasi. Doti moja ni moto wa chini, usiozidi nyuzi 110 za selsiasi, kwa nailoni na vitambaa vinavyoyeyuka haraka. Doti mbili ni nyuzi 150, kwa sufu, hariri na poliesta. Doti tatu ni nyuzi 200, kwa pamba na kitani. Alama ya pasi iliyokatwa kwa msalaba ina maana nguo hiyo haipigwi pasi.

Anza na nguo za moto wa chini na umalize na za pamba. Pasi hupata joto haraka lakini hupoa polepole, na aliyeanza na pamba akahamia kwenye sketi ya poliesta bila kusubiri ndiye anayerudi kwenye somo la nailoni iliyoyeyuka. Leso, mashuka na vitambaa vyepesi vya pamba vinaweza kumaliziwa kwa joto linalobaki baada ya pasi kuchomolewa.

Mpangilio huu hupunguza matumizi ya tokeni pia. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo kwa saa nzima hutumia uniti moja. Kuipasha moto kutoka ubaridi nako hutumia stima. Anayepiga pasi nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja huipasha mara moja. Anayepiga shati moja kila asubuhi huipasha mara saba, tena akiwa na haraka ya kwenda kazini, na haraka ndiyo inayosahaulisha plagi.

Kwa nyumba zenye watoto wachanga, pasi ina kazi nyingine ya afya. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa kivulini au chini, na mabuu yake hupenya ngozi na kusababisha jipu. Moto wa pasi huyaua mayai hayo. Nepi, mashuka na nguo za ndani za mtoto zianikwe juani kwenye kamba, kisha zipigwe pasi pande zote mbili, bila kuruka mishono na kiunoni.

PASI YA MAKAA

Wakaazi wengi wasio na stima, na mafundi wa nguo sokoni, bado hutumia pasi ya makaa, ile yenye kifuniko na kifungio ambacho mara nyingi huchongwa umbo la jogoo. Ni chombo kigumu kinachoweza kurithiwa, ila nacho kina masharti yake.

Makaa yawashwe nje hadi yawe mekundu kote, ndipo yaingizwe. Lakini kutoonekana kwa moshi hakumaanishi kwamba hewa ni salama. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Katika chumba kilichofungwa inaweza kuua. Pasi ya makaa itumike nje, barazani, au katika chumba chenye milango na madirisha yaliyo wazi, na isilale ndani na watu, hata wakati wa baridi na mvua. Mtu akianza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi usio wa kawaida, atolewe nje kwenye hewa safi mara moja na apelekwe hospitali.

Usiijaze pasi hadi kifuniko kishindwe kufunga. Hakikisha kifungio kinashika, kwani kaa moja linaloruka linatosha kutoboa nguo au kuwasha mkeka. Majivu yapulizwe mbali na nguo na mbali na watoto.

Kazi ikiisha, makaa yamwagwe kwenye chombo cha chuma au kwenye mchanga na kuzimwa kabisa. Maji yasimwagwe juu ya pasi yenyewe ikiwa ya moto, kwa kuwa chuma cha kumimina hupasuka kikipozwa ghafla. Ikishapoa, ondoa majivu yote, kwa sababu majivu yakishika unyevu huleta kutu. Tofauti na pasi ya stima, chuma hiki kikipata kutu kinaweza kusuguliwa kwa msasa laini, kikafutwa, kisha kikapakwa mafuta ya kupikia kidogo sana kabla ya kuhifadhiwa. Kabla ya kutumika tena, uso ufutwe na upitishwe juu ya kitambaa kikuukuu, au juu ya jani la mgomba kama walivyofanya wazee. Jani hilo huondoa masizi na kuifanya pasi iteleze.

KUHIFADHI

Pasi ya stima isikunjwe waya ikiwa bado ina moto, kwa kuwa mpira wa waya hulainika na kupasuka. Ikishapoa, waya uzungushwe kwa ulegevu bila kukazwa. Ihifadhiwe ikiwa imesimama, mahali pakavu, juu zaidi ya mkono wa mtoto unapofika. Kitambaa cha kupigia pasi kiwe cha pamba, kikunjwe mara kadhaa na kutandikwa juu ya meza ngumu. Godoro la sponji si meza. Sponji hushika moto haraka na moshi wake una sumu.

KUTENGENEZA AU KUNUNUA NYINGINE

Kubadilisha plagi au waya ni kazi ndogo kwa fundi anayejua kazi yake, na pasi hurudi kuwa salama. Lakini kuna ukarabati mmoja wa kukataa. Ndani ya pasi kuna kidhibiti joto kinachoizima inapofikia moto uliochaguliwa, na nyingi huwa na fyuzi ya joto inayokatika iwapo kidhibiti hicho kitaharibika. Baadhi ya mafundi, wakikosa kipuri, huviruka vyote viwili na kuunganisha waya moja kwa moja. Pasi hiyo itawaka, na itaendelea kuwaka bila kujizima. Muulize fundi amebadilisha nini, na akuonyeshe kilichoharibika. Nyumbani, ijaribu mbele ya macho yako: iweke moto wa chini na usubiri. Taa yake isipozima, usiitumie.

Hitilafu ikiwa kwenye soketi au nyaya za nyumba, itafutwe huduma ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kitaifa inayosimamia kawi na petroli.

Anayenunua pasi mpya aangalie alama ya ubora ya KEBS. Nambari ya kibali iliyo kwenye alama hiyo inaweza kuthibitishwa kwa kutuma ujumbe mfupi wenye SM# ikifuatwa na nambari hiyo kwenda 20023. Muuzaji aichomeke pasi dukani, na risiti ihifadhiwe. Kwa pasi za mtumba, waya na plagi vikaguliwe kwanza, kisha kidhibiti joto kijaribiwe kama ilivyoelezwa hapo juu. Pasi iliyokufa isitupwe kwenye moto wa taka ili kupata shaba ya waya. Moshi wa mpira unaoungua hudhuru mapafu.

AJALI IKITOKEA

Aliyeungua: weka sehemu iliyoungua chini ya maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Pasipo bomba, mimina kwa kopo taratibu. Vua pete, saa au bangili kabla ya uvimbe kuanza. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala yai, na usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi na uende kituo cha afya kilicho karibu. Mtoto aliyeungua mkono au uso asisubirishwe nyumbani.

Aliyeshikwa na stima: usimguse. Zima swichi kubwa ya nyumba kwanza. Isipowezekana, simama mahali pakavu na uusukume waya kwa fimbo kavu ya mti. Kisha apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa.

Moto ukianza: zima swichi kubwa ikiwa unaifikia bila kupita motoni. Usimwage maji kwenye chombo kilichounganishwa na stima. Watoe watu nje, funga mlango nyuma yako, na uite msaada. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kaunti jukumu la huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga. Kila nyumba iwe na nambari ya kituo cha zimamoto kilicho karibu, ibandikwe mahali inapoonekana. Nambari za dharura 999 na 112 pia hupigwa kutoka simu yoyote.

YA KUBANDIKA KANDO YA SOKETI

- Kagua waya kabla ya kuchomeka.
- Chomeka ukutani, si kwenye ekstensheni iliyojaa.
- Anza na moto wa chini.
- Ukiondoka, chomoa. Stima ikipotea, chomoa. Tokeni zikiisha, chomoa.
- Mwaga maji, iache ipoe, kisha ihifadhi juu.
- Ifute kila wiki ikiwa baridi.

Orodha hii iandikwe na mtoto mwenyewe kwa kalamu ya shule. Aliyeiandika ndiye atakayewakumbusha wakubwa siku taa zitakapozima tena.